Nani hulipia dansi la usiku: kutoka Las Vegas hadi Kariakoo

JIJI la Las Vegas, lililojengwa katikati ya jangwa la Nevada nchini Marekani, hutajwa karibu kila mara mazungumzo yanapogusa starehe za usiku. Huko ndiko Elvis Presley alikopanda jukwaani zaidi ya mara 600 katika hoteli moja kati ya mwaka 1969 na 1976. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba kwa miongo kadhaa maonyesho ya jiji hilo hayakuishi kwa fedha za mlangoni. Yaliishi kwa kamari.

Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931. Hoteli ya kwanza yenye kasino kando ya barabara ambayo baadaye ilipata umaarufu kwa jina la Strip ni El Rancho Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1941. Miaka mitano baadaye ikafunguliwa Flamingo. Wenye hoteli hizo walitambua jambo jepesi: mgeni aliyekuja kumsikiliza Frank Sinatra atapita katikati ya meza za kamari wakati wa kuingia, na atapita hapo tena wakati wa kutoka. Kiingilio kikawekwa chini, chakula kikauzwa kwa bei nafuu, mwimbaji akalipwa donge nono. Ukumbi ulipopata hasara, meza za kamari zilifidia. Kwa lugha ya mvuvi, mwimbaji alikuwa chambo.

Chambo hicho hakikuheshimiwa sawasawa. Wasanii weusi kama Sammy Davis Jr. walijaza kumbi za hoteli ambazo kwa miaka mingi hazikuwaruhusu kulala humo. Baada ya onyesho walirudi upande wa magharibi wa mji, katika mitaa waliyotengewa watu weusi. Mwaka 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, hoteli yenye kasino iliyopokea watu wa rangi zote. Ilifungwa kabla mwaka huo haujaisha.

Utaratibu wa kamari kulipia muziki ulianza kulegea mashirika makubwa ya biashara yalipochukua hoteli kutoka kwa wamiliki wa zamani. Mashirika hayo yalitaka kila idara ijitegemee, ukumbi wa muziki ukiwamo. Mwaka 1989 wanamuziki wa jiji hilo waligoma kwa miezi kadhaa, wakipinga hoteli kuziondoa okestra na kuweka kanda zilizorekodiwa. Mgomo haukuurudisha utaratibu wa zamani. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990, hoteli za Strip zilikuwa zikipata fedha nyingi zaidi kutoka kwenye vyumba, chakula na maonyesho kuliko kutoka kwenye kamari yenyewe. Celine Dion alipoanza maonyesho yake katika hoteli ya Caesars Palace mwaka 2003, tiketi haikuwa tena chambo. Ilikuwa bidhaa, tena ya bei ghali.

Kusini mwa Afrika mfumo huo ulinakiliwa kwa sura mbaya zaidi. Sun City ilifunguliwa mwaka 1979 katika Bophuthatswana, eneo ambalo utawala wa makaburu uliliita nchi huru ingawa dunia haikulitambua. Kwa kuwa kamari ilikuwa marufuku ndani ya Afrika Kusini, Wazungu wa Johannesburg walivuka kwenda kucheza huko. Faida ya kamari ilitumika kuwalipa nyota wa kimataifa fedha nyingi kiasi cha kuwafanya wapuuze vikwazo vya utamaduni vya Umoja wa Mataifa. Sinatra alikwenda mwaka 1981. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Marekani na mataifa mengine, wakiongozwa na Steven Van Zandt, walitoa wimbo wa kuapa kwamba hawatakanyaga hapo.

Swali la nani analipa lina jibu lake hata mahali ambapo hapajawahi kuwekwa meza ya kamari. Kwa msomaji mwenye asili ya Suma, au kata nyingine yoyote ya Rungwe, jibu la kale linajulikana. Monica Wilson, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu kuhusu ngoma zilizochezwa msibani: wanaume wakiruka na mikuki yao huku ngoma zikirindima na ng'ombe wakichinjwa. Hakuna aliyetozwa kiingilio. Gharama ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hao waliletwa na ndugu na wakwe. Anayeiona ngoma ya namna hiyo kuwa burudani ya bure hajamuuliza mwenye zizi.

Dar es Salaam, kwa upande wake, ilijaribu njia zaidi ya moja. Bendi za mwanzo za dansi, kama Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930, zilikuwa vilabu vya wanachama. Vyombo vilinunuliwa kwa michango, na wengi wa wapigaji walikuwa na kazi nyingine mchana. Baada ya uhuru mzigo huo ulibebwa na taasisi za umma. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ilihusishwa na Shirika la Bima, na jeshi pamoja na polisi nao walikuwa na bendi zao. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo kampuni ya bima imewahi kuwa mlezi wa wapiga magitaa.

Mfumo huo ulizaa muziki bora, na hilo halina budi kusemwa waziwazi. Mwenye mshahara hupata muda wa mazoezi. NUTA Jazz ilibadili jina kuwa JUWATA, kisha OTTU, kadiri chama cha wafanyakazi kilivyobadilika, na hatimaye ikabaki Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake mahiri waliondoka na kuanzisha Mlimani Park Orchestra, ambayo baadaye ilimilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Wapenzi waligawanyika kama wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga: Msondo upande mmoja, Sikinde upande wa pili, mitindo iliyopewa majina ya ngoma za pwani. Ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa moja ya ngome za Sikinde.

Upungufu ulikuwa katika umiliki. Magitaa, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki aliyeacha kazi aliondoka na sauti yake na vidole vyake tu. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kurushwa kwa miaka mingi huku watunzi wakiambulia kidogo sana. Ndiyo maana kuhamahama kukawa njia kuu ya kujadili mshahara. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua kwa mkupuo wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwamo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, na kuunda International Orchestra Safari Sound. Orchestra Maquis, iliyotoka Zaire, ilichagua njia tofauti: wanamuziki wenyewe waliendesha kampuni, wakajaribu na shughuli nyingine nje ya muziki.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa au kufungwa, na bendi zikabaki bila mlezi. Urafiki na Bima Lee zilitoweka. Zilizobaki zilitegemea mapatano ambayo yamekuwapo katika baa za Dar es Salaam kwa muda mrefu: bendi huchukua fedha za mlangoni, mwenye baa huchukua fedha za vinywaji. Mapatano hayo yanaonekana ya haki hadi mtu anapopiga hesabu. Bendi ya dansi ina waimbaji, wapiga magitaa, wapulizaji na wanenguaji. Watu zaidi ya kumi wanagawana kiingilio ambacho lazima kiwe kidogo ili watu waje. Ikinyesha mvua usiku wa Jumamosi, mwenye baa atauza bia Jumapili. Bendi haina Jumapili hiyo. Disko nalo lilihitaji mtu mmoja na mashine zake. Kwa mwenye baa hesabu hiyo ilikuwa nyepesi, kama ilivyokuwa kwa hoteli za Las Vegas mwaka 1989.

Wapo waliomudu. African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta, chini ya uongozi wa Asha Baraka, ilijaza ukumbi wa Mango Garden, Kinondoni, katika miaka ya 2000. Hata hivyo mafanikio ya bendi hayakuwa lazima yawe mafanikio ya mwanamuziki. Gurumo, aliyeimba kwa takriban nusu karne, alipotangaza kustaafu mwaka 2013 alizawadiwa gari na Diamond Platnumz, msanii wa kizazi kipya ambaye hakuwa amezaliwa wakati NUTA Jazz inaanzishwa. Ilikuwa ishara njema ya heshima, lakini mzee huyo alistahili kuwa amelinunua mwenyewe zamani. Alifariki dunia Aprili 2014.

Kamari nayo ipo Tanzania, tena kisheria. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliweka bodi ya kuisimamia, na kasino zimeendeshwa Dar es Salaam na Arusha. Wengi walitarajia kwamba penye kasino patazuka kumbi kubwa za muziki. Hazikuzuka kwa kiwango hicho, kwa sababu kasino za mijini zilikuwa ndogo na zililenga mchezaji aliyekwisha kuja kucheza, si mgeni wa kuvutwa kwa okestra. Kisha kamari yenyewe ikahamia kwenye simu za mkononi. Mchezaji wa simu hapiti ukumbini kuelekea mezani. Yuko nyumbani, au kwenye daladala. Anachofuatilia ni matokeo ya mpira.

Fedha za matangazo zikamfuata huko huko. Mwaka 2017 kampuni ya michezo ya kubahatisha ya SportPesa iliingia mikataba ya udhamini na klabu zote mbili, Simba na Yanga. Mwaka 2022 Simba ikasaini mkataba wa miaka mitano na M-Bet, kampuni nyingine ya biashara hiyo hiyo. Msondo na Sikinde, ambazo mashabiki wake walizoea kujilinganisha na klabu hizo, ziliendelea kuhesabu vichwa mlangoni.