Toleka na Kumbukumbu za Kisangani

Historia ya Kisangani husomeka njiani kabla ya vitabuni. Kituo alichokianzisha Stanley mwaka 1883 karibu na Maporomoko ya Boyoma, ambacho Tippu Tip alikuwa liwali wake tangu 1887, kilikua kikawa mji ulioitwa Stanleyville hadi 1966. Mitego ya Wagenia mtoni na kanisa kuu la ukingoni ni mashahidi wake.

Mashahidi hao, hata hivyo, si wa milele. Kwa siku 6 za Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini. Raia zaidi ya 760 waliuawa, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa. Miaka hiyo ya vita, petroli ilipoadimika, watu walisafiri kwa toleka, yaani baiskeli za abiria. Neno hilo kwa Kilingala ni “tupite”.

Baiskeli hiyohiyo yafaa kuhifadhi historia. Mpandaji husimama popote, akalizunguka jengo na kulipiga picha kila upande; kompyuta huziunganisha zikawa kielelezo cha kidijitali chenye urefu, upana na kina. Jengo likibomoka, vipimo vyake hubaki. Lakini kielelezo hakisimulii. Hivyo kila picha haina budi kuandamana na masimulizi ya wazee, kwa Kiswahili chao wenyewe.