Kuning'inia Mtini: Historia ya Mbinu za Kujiokoa za Wawindaji Wapandao kwa Kamba

Maandishi kuhusu historia ya uwindaji yameshughulikia sana silaha na mnyama, na kidogo mno mti anaoupanda mwindaji. Upungufu huo una gharama, kwa kuwa mwindaji wa upinde wa Marekani ya leo, anayemvizia kulungu akiwa mita tano au sita juu ya ardhi, huumizwa na mti kuliko na windo lake. Makala hii inafuatilia jinsi mbinu za kujiokoa zilivyomfikia mwindaji huyo, na inadai kwamba zilizaliwa na upweke wake. Dai hilo lina uzito kwa wanaopanga miradi ya asali na karafuu katika ukanda wetu.

Kukwea kwa mshipi ni ujuzi wa kale. Katika misitu ya bonde la Kongo, warina asali huzungusha utambaa imara kwenye shina na kiuno, wakachonga vikanyagio kwa shoka huku wakiegemea nyuma. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadza hupigilia vigingi vya mti kwenye mibuyu na kupanda navyo hadi kwenye mzinga. Njia hizi mbili zinatofautiana kwa vifaa, lakini zinafanana kwa jambo moja: mara nyingi chini ya mti pana watu. Wapo wa kupokea asali, wa kuwasha moto, wa kumwelekeza aliye juu. Akikwama, wokovu wake ni shughuli ya kundi.

Mwindaji wa Marekani hana kundi. Hupanda alfajiri, peke yake, na ukimya ni sharti la kazi yake. Hukalia mshipi mpana unaoshika nyonga na mapaja. Kamba fupi huunganisha pande mbili za mshipi mbele yake, nayo hushikizwa kwenye kamba kuu iliyofungwa shinani juu ya kichwa. Wakati wa kupanda hutumia pia kamba ya pili inayozunguka shina, iliyoazimwa kwa mafundi wa nguzo za simu na umeme. Yaani ni utambaa uleule wa Kongo, ila umesukwa kiwandani.

Sehemu ngumu ya historia hii inaanzia hapo. Kamba inayozuia kuanguka humwacha mtu akining'inia, na kuning'inia bila kusogeza miguu kunaweza kuua: damu hukusanyika miguuni na moyo hukosa ya kusukuma. Mwaka 1972, katika mkutano wa madaktari wa uokoaji milimani uliofanyika Innsbruck, Austria, vilijadiliwa vifo vya wapanda milima waliokutwa wamening'inia kambani. Mwaka 1987 watafiti wa Jeshi la Anga la Marekani waliwaning'iniza watu waliojitolea bila kusogea. Kwa wastani, waliofungwa mkanda wa kiunoni walivumilia dakika 1.63, wa kifuani 6.08, na wa mwili mzima 14.38. Kuanzia Januari 1998 mkanda wa kiunoni ulipigwa marufuku kama kizuia anguko katika kazi za ujenzi nchini humo. Ieleweke kwamba hata kifaa kilichoshinda jaribio hilo kilimpa mtu takriban robo saa. Muda huo hautoshi kumngoja jirani aliye bonde la pili.

Jibu halikutoka kwa wawindaji wenyewe. Mwaka 1931 Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alichapisha maelezo ya fundo linaloibana kamba linapobeba uzito na kuteleza uzito unapoondolewa. Wapanda milima na wachunguzi wa mapango walilitumia kupanda juu ya kamba tupu. Wakata matawi wakapata fundo lao la jamii hiyohiyo: Heinz Prohaska alilieleza mwaka 1981, lakini likabaki na jina la Jason Blake, aliyelitangaza kwa wenzake mwaka 1994. Historia ya mafundo haina haki sana kwa wavumbuzi.

Mwindaji aliunganisha urithi huo. Vikanyagio vikimponyoka, hufunga kitanzi cha mguu kwenye kamba kuu kwa fundo la Prusik, husimama ndani yake ili damu irudi na uzito uondoke kwenye kiungo kilichokaza, kisha huhamia kwenye kamba ya kushukia aliyoiandaa kabla, huku fundo la pili likimlinda mkono ukiteleza. Mfuatano huu ni mwepisi kuusimulia. Kwa mikono yenye baridi na gizani, asiyeufanyia mazoezi karibu na ardhi hauwezi.

Elimu ya kumhudumia aliyeokolewa nayo imebadilika. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba asilazwe bali aketishwe; mapitio ya mwaka 2009 yaliyofanywa kwa mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza hayakupata ushahidi wa kutosha kuunga mkono fundisho hilo, yakarejesha huduma ya kwanza ya kawaida. Bado miongozo inayonakiliwa kutoka matoleo ya zamani hulirudia.

Kwa washauri wa sera, swali ni nini hasa kinachonunuliwa mradi unapoagiza mikanda kwa ajili ya warina asali au wachumaji karafuu. Mkanda peke yake hubadilisha aina ya ajali: aliyekuwa akianguka sasa ananing'inia. Mfumo wa Marekani unafanya kazi kwa sababu una kitanzi cha mguu, kamba ya kushukia na mazoezi. Mfumo wa Kongo, kwa sababu una watu chini. Mradi unaoleta mkanda bila mazoezi, kisha ukahesabu kwamba mkwezi mmoja sasa anatosha kwa mti mmoja, umeondoa kinga zote mbili kwa mkupuo. Bajeti ya vifaa inapaswa kusomwa sambamba na orodha ya watakaosimama chini ya shina.