Mwalimu Aliyezamia Mwenyewe: Kumkumbuka George Bass



Ndugu wazazi na wanafunzi, Nsambya yetu ilijulikana kwa nyumba za wafanyakazi wa reli, na reli hiyo ilianzia Mombasa. Ndiyo maana familia nyingi hapa zina jamaa pwani hadi leo. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi kutoka huko likizoni na kuniuliza katika somo la tarikh: "Ustadhi, nimeona Ngome ya Yesu vyombo vya jahazi lililozama. Nani aliyevitoa chini ya bahari bila kuvivunja?"

Swali zuri! Jibu lake linatupeleka kwa mwalimu mmoja aliyefariki tarehe 2 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 88.

JAHAZI LA MOMBASA

Mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu Sayf bin Sultan wa Oman yaliizingira Ngome ya Yesu, iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Wareno walituma msaada kutoka Goa, na mojawapo ya vyombo vyao ilikuwa manowari iliyoitwa Santo António de Tanná. Mwezi Oktoba 1697 ikazama mbele ya ngome. Tarehe 13 Desemba 1698 ngome ikaanguka, na Waomani wakaingia.

Manowari ile ilikaa chini ya maji karibu miaka 280. Kati ya 1977 na 1980, Makumbusho ya Kenya ilishirikiana na taasisi ya akiolojia ya majini kutoka Marekani kuichimba, na aliyeongoza uchimbaji ni Robin Piercy. Taasisi hiyo ilianzishwa na George Bass mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vyombo alivyoviona mwanafunzi wangu vilitolewa kwa njia aliyoifungua Bass.

ALIVYOANZA

Kabla yake, wataalamu walikuwa wakibaki juu ya merikebu huku wazamiaji wakiwaletea walichookota. Fikiria mwalimu wa fiqhi anayefundisha udhu bila kugusa maji!

Mwaka 1960, Bass akiwa na miaka 27 tu, alipelekwa kuongoza uchimbaji wa jahazi la kale katika Rasi ya Gelidonya, Uturuki. Wazamiaji wa sifongo wa huko ndio waliojua mahali lilipo. Bass hakuwa mzamiaji. Alichukua masomo machache ya kuzamia, kisha akashuka mwenyewe zaidi ya mita 25. Kila kitu kilichorwa na kupimwa pale pale kilipolala, kama inavyofanywa nchi kavu, ndipo kikatolewa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ni rahisi kumfundisha mwanaakiolojia kuzamia kuliko kumfanya mzamiaji awe mwanaakiolojia.

Bass akasema jahazi lile, la miaka 1200 hivi kabla ya Nabii Isa (a.s.), lilikuwa la watu wa pwani ya Sham. Wakubwa wa fani wakampinga, kwa sababu waliamini biashara ya bahari ile ilikuwa ya Wagiriki. Hakugombana nao. Aliendelea na kazi.

KIOO CHA ZAMA ZA FATIMIYYA

Miaka ile ile ya uchimbaji wa Mombasa, yaani 1977 hadi 1979, Bass alikuwa Serçe Limanı, Uturuki, akichimba jahazi lililobeba tani 3 za kioo. Sehemu kubwa ya kioo hicho ilikuwa vigae. Umri wake ulijulikanaje? Ndani yake mlikuwa na mawe ya mizani ya kioo yenye maandishi ya Kiarabu ya utawala wa Fatimiyya. Yalionyesha kwamba safari ile ilikuwa karibu mwaka 1025. Wanafunzi wanaolalamika kwamba Kiarabu kigumu na wazingatie hapo! Kisha watu wakakaa miaka mingi wakiunganisha vigae, kimoja baada ya kingine.

ALIYEMPA MWANAFUNZI KITI CHAKE

Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aliona mabonge ya shaba huko Uluburun. Jahazi hilo lilikuwa kongwe kuliko lile la Gelidonya, na lilibeba tani 10 za shaba na tani 1 ya bati. Lilikuwa na pembe za ndovu, meno ya kiboko na magogo ya mti unaotoka Afrika, mti ule ule tunaouita mpingo. Mzigo ule ukaipa nguvu hoja ya Bass: watu wa Sham walikuwa mabaharia wakubwa.

Hapa ndipo napenda tutulie. Hili ndilo jahazi alilolingoja miaka 24. Alianza kulichimba mwaka 1984, kisha baada ya muda mfupi akamkabidhi uongozi mwanafunzi wake, Cemal Pulak, aliyeendelea hadi 1994. Ni walimu wangapi tunaoweza hivyo? Mimi mwenyewe nimewahi kumnyima mwanafunzi hodari nafasi ya kusomesha kwa kuogopa watu watasema amenipita. Mungu anisamehe.

TUJIFUNZE NINI

Bass hakuwa Muislamu, wala hatumpambi kwa asichokuwa nacho. Lakini sisi tunajua thamani ya silsila ya elimu: fulani kachukua kwa fulani. Yeye alipinga maisha yake yote kuuza vitu vya majahazi kwa matajiri. Alitaka vibaki pamoja ili watu wavisome. Ndiyo sababu mtoto wa Nsambya anaweza kuviona Mombasa leo.

Wazazi, mkienda pwani, waingizeni watoto Ngome ya Yesu. Vita vile ni tarikh yetu, na tusipowapeleka watoto wakaizamia wenyewe, tutabaki juu ya merikebu tukingoja kuletewa.

Wabillahi tawfiq.