Shule za Vipaji Maalumu na Hoja ya Kuongeza Nafasi

TAMISEMI inapotangaza majina ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na Kidato cha Kwanza, sehemu ndogo sana ya majina hayo hupangiwa shule za bweni zinazopokea wenye ufaulu wa juu zaidi. Shule hizo, maarufu kama za vipaji maalumu, ni pamoja na Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Wavulana Tabora, na kwa wasichana Kilakala, Msalato na Wasichana Tabora. Katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi wa 2024, watahiniwa zaidi ya 970,000 walifaulu. Hata kama kila moja ya shule hizo saba ingeongezewa wanafunzi maradufu, wengi mno wangebaki nje.

Hoja ya kuziongezea nafasi, hata hivyo, si ya kupuuzwa. Mtihani huo una masomo 6 yenye alama 50 kila moja, yaani alama 300 kwa jumla. Palipo na ushindani mkali, anayechukuliwa mwisho na anayeachwa wa kwanza wanaweza kutenganishwa na alama moja au mbili. Ni vigumu kudai kuwa huyo wa pili angeshusha kiwango cha shule. Kwa mtoto wa halmashauri ya pembezoni, ambaye shule ya kata iliyo karibu naye haina mwalimu wa Fizikia, nafasi hiyo moja ina uzito mkubwa.

Ugumu uko katika utekelezaji. Shule ikiongeza mikondo miwili kwa kila kidato, kuanzia cha Kwanza hadi cha Nne, kwa uwiano wa wanafunzi 40 kwa darasa, itapokea wanafunzi 320 zaidi. Hao wanahitaji vyumba vya madarasa 8, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Yanahitajika pia mabweni 4 ya wanafunzi 80 kila moja, vyoo, maji ya uhakika, bwalo na jiko vinavyotosha, na walimu katika ikama. Maabara ndiyo husahaulika zaidi. Chumba kilekile cha Kemia kikigawanywa kwa mikondo mingi zaidi, kila mwanafunzi hupata muda mchache wa kufanya majaribio kwa mikono yake, na mafunzo kwa vitendo ndiyo sababu kubwa ya wazazi kuzitamani shule hizi. Kibaha, iliyotokana na makubaliano ya 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Nordiki, ilipangwa kama sehemu ya kituo kizima chenye elimu, afya na kilimo. Kuongeza wanafunzi bila kugusa mengine ni kwenda kinyume na mpango huo.

Kenya ilichagua njia nyingine. Badala ya kuzijaza shule zake 18 za kitaifa, kuanzia 2011 ilizipandisha hadhi shule nyingine hadi idadi ikazidi 100 katika miaka michache. Utafiti wa wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, uliochapishwa 2014 kwa kutumia takwimu za kabla ya upanuzi huo, ulionesha kuwa wanafunzi walioingia shule hizo kwa tofauti ndogo ya alama hawakuwazidi sana, katika mtihani wa mwisho, wenzao waliozikosa kwa tofauti ndogo vilevile. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya sifa ya shule teule hutokana na wanaochaguliwa kuingia.

Tanzania nayo imekwishaanza kutawanya fursa: kupitia mradi wa SEQUIP, shule ya bweni ya wasichana ya masomo ya sayansi inajengwa katika kila mkoa wa Tanzania Bara. Kwa uzito wa ushahidi uliopo, njia hii ina manufaa mapana kuliko kuongeza vitanda katika shule saba, ingawa shule yenye ardhi, maji na maabara za akiba haina sababu ya kukataa mkondo mmoja zaidi.

Muda wa kuamua ni mfupi. Kwa mujibu wa mabadiliko ya Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, wanafunzi wa Darasa la Sita na wa Darasa la Saba watamaliza elimu ya msingi pamoja 2027, na makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza Januari 2028.