Uwajibikaji wa Mawaziri Uchumi Uporomokapo

Uchumi wa Kenya, uliokua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007, ulidorora mwaka 2008 kufuatia ghasia za uchaguzi. Mtaani Kibera, vibarua wa Gatwekera wakashindwa na bei ya unga. Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, alijiondoa wizarani Julai 2008 baada ya Bunge kupitisha hoja ya kutokuwa na imani naye. Kosa alilohukumiwa? Uuzaji wa hoteli ya Grand Regency! Januari 2009 alirejea, akiwa Waziri wa Biashara. Mwenzake wa Kilimo, William Ruto, alinusurika hoja ya sakata ya mahindi Februari 2009. Kifungu cha 152 cha Katiba ya 2010 huwaruhusu wabunge kudai waziri afutwe kwa ukiukaji mkubwa wa sheria, uhalifu au utovu mkubwa wa nidhamu. Kutoona mbali hakutajwi.