Ukingo wa Irente

Kutoka mjini Lushoto hadi Irente ni kilomita kama 6 kwa miguu. Njia ni ya vumbi jekundu, inapita kati ya mikalitusi, migomba na vishamba vya maharage, na kila baada ya muda bodaboda hupunguza mwendo kukuuliza kwa nini unajitesa. Mwinuko si mkali. Unapanda bila kuhisi kwamba unapanda, mpaka ardhi inapokatika ghafla mbele yako. Hapo kuna mwamba mtupu, na chini yake, karibu mita 1,000, imelala Mazinde: mabati yanayong'aa, mistari ya mkonge, barabara kuu ya kwenda Moshi, reli, kisha nyika inayokwenda hadi macho yachoke.

Wengi wetu tunafika, tunapiga picha, tunarudi mjini kula. Mandhari ni mazuri kweli. Ila mimi, tangu nianze kuandika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu karne ya 19 katika milima hii, siwezi tena kuyaita mandhari tu. Historia ya utawala wa Wakilindi, kuinuka kwake na kuvunjika kwake, ipo yote katika huo mporomoko wa mita 1,000.

Wasambaa waliigawa dunia yao sehemu mbili. Juu ni Shambaai, nchi ya baridi, mvua na migomba. Chini ni nyika, nchi ya joto, homa na njaa. Hata hivyo hawakuikimbia nyika. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, alionyesha kwamba vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na kingo za milima kama hii. Sababu ilikuwa ya mkulima mwenye akili: migomba ukikosa, una shamba la chini, la chini likiungua na jua, una la juu. Ukingo ulikuwa akiba ya chakula.

Mfalme alikaa ndani zaidi, Vuga, nyuma ya mgongo wako ukisimama Irente ukitazama nyika. Ukoo wa Wakilindi uliomfuata Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu, ulitawala kutoka huko tangu karne ya 18. Mkubwa wao katika karne iliyofuata alikuwa Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akakuta mtawala ambaye mamlaka yake yalikaribia pwani. Watu walimlipa kodi, naye alitarajiwa awape mvua. Kisambaa kina maneno mawili kwa mizani hiyo: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu aliiponya. Wenye nguvu wawili wakishindana, mvua ilikatika.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na wenye nguvu wakawa wengi. Mjukuu wake, Shekulwavu, alirithi Vuga. Lakini mwanawe Semboja alikuwa tayari ameshikilia Mazinde, hapo chini unapopaona, kwenye njia ya misafara. Misafara ilileta bunduki na baruti, ikachukua pembe na watu. Kabla muongo huo haujaisha, Semboja alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga. Jambo linalonishangaza kila ninapolisoma ni kwamba hakuhamia huko. Alimweka mwanawe kwenye kiti cha enzi mlimani, yeye akabaki Mazinde. Mvua na matambiko vilikuwa juu; soko lilikuwa chini, na alijua kipi kinalipa.

Tunayajua mengi ya hayo kwa Kiswahili, kupitia Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi kwa Semboja mwenyewe. Ni kitabu cha wakubwa: nani alimrithi nani, nani alimpiga nani. Waliouzwa wanapita humo kwa wingi, bila majina.

Mimi kwetu ni Mombo, chini ya milima hii. Bibi mzaa baba akihesabu ukoo wetu huenda vizuri, jina kwa jina, hadi anapofika kwa mama wa bibi yake. Hapo husema neno moja: "Aliletwa." Nilimuuliza, "Bibi, aliletwa kutoka wapi? Na nani?" Akanijibu, "Mwanangu, anayeletwa haulizwi." Akaendelea kuchambua mchele.

Wajerumani walipokuja hawakuligeuza jambo hili, walilitia chuma. Reli ilianza Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905, ikipita kwenye tambarare ileile ya misafara. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf aliingiza nchini miche ya mkonge. Iliyobaki hai ilikuwa 62 tu, nayo ndiyo mwanzo wa mistari ile unayoipiga picha. Lushoto waliiita Wilhelmstal, wakajipumzisha kwenye baridi yake. Kwa mara nyingine juu pakawa pa heshima na chini pa fedha, na vijana wa milimani wakateremka kutafuta mshahara. Bado tunateremka, siku hizi kwa basi.

Kwa hiyo ukifika Irente, piga picha yako. Kisha kaa kidogo juu ya mwamba, tafuta mabati ya Mazinde kwa macho, na uifuate ile njia nyembamba inayoshuka ubavuni. Wanawake hupanda nayo hadi leo wakiwa na mizigo kichwani. Zamani walikuwepo walioishuka mara moja tu.