Stovu ya Bibi na Miezi Mitatu ya Kiza

Ndugu zangu tuliosoma skuli moja,

Mhariri aliponitaka niandike habari ya historia, pengine alitaraji nitaeleza mambo ya wafalme au Beit al-Ajaib. Mimi nimechagua stovu ya marehemu bibi yangu. Wengi wetu tumekulia chakula kilichopikwa juu ya chombo hicho, lakini ni wachache wanaojua kilikotoka.

Stovu ya pampu asili yake ni Sweden. Frans Wilhelm Lindqvist, fundi wa mji wa Stockholm, aliitengeneza mwaka 1892, ikaitwa Primus. Majiko mengi ya mafuta ya taa ya wakati ule yalitumia utambi, na utambi hutoa moshi na masizi. Lindqvist aliuondoa utambi. Katika stovu yake, hewa ya pampu husukuma mafuta kutoka katika tangi la shaba hadi kwenye kichwa kilichokwisha kupashwa moto kwa spiriti. Hapo mafuta hugeuka mvuke, hutoka kwa kasi katika kitundu chembamba, huchanganyika na hewa, na kuwaka rangi ya buluu kwa ule mvumo tuujuao. Amundsen alisafiri nayo hadi Ncha ya Kusini mwaka 1911, na waliopanda Everest mwaka 1953 walikuwa nayo pia. Huku kwetu ilichemsha chai ya alfajiri, nayo haikujali kuwa si safari ya sifa.

Kisha tukaizoea raha ya umeme. Tangu mwaka 1980 Unguja ilipata umeme wa Bara kwa waya uliopita chini ya bahari hadi Fumba. Mwaka 2008 umeme ulikatika karibu mwezi mzima, na hatukujifunza. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na mara hii haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Mji Mkongwe ukawa kiza, isipokuwa penye jenereta.

Sina budi kukiri jambo. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kupatana bei ya stovu ile na muuza vitu vya kale. Mama alinizuia. "Kitu cha mkubwa hakiuzwi, mwanangu," alisema, nami nikaona ni maneno ya kizee. Kiza kilipoingia, na jiko letu la umeme likawa meza ya kuwekea sahani, niliitoa stovu stoo kwa aibu.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi, kibarazani kwake nyuma ya Darajani. Aliitikisa, akainusa, akasema, "Hii haikufa. Imekauka tu."

Ngozi ya pampu ilikuwa ngumu kama gamba. Alikata nyingine katika kubadhi kuukuu, akairoweka katika mafuta mpaka ikalainika. Kitundu alikizibua kwa sindano nyembamba, polepole, kwani kikipanuka moto huharibika. Washa ya risasi chini ya kichwa aliibadilisha. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio, akapampu, akatazama kama kuna mahali panapotoa mapovu. Shaba niliisugua mwenyewe kwa ndimu na jivu.

Usiku ule niliharakisha. Spiriti haijaisha kuwaka nikapampu, na mafuta yakatoka majimaji, ndimi za moto wa manjano zikanikosa uso kidogo. Mama alifungua skrubu ya hewa, moto ukazimika. Akanisubirisha, tukaanza upya. Mvumo ulipokaa sawa, jirani aligonga mlango akiuliza kama anaweza kuchemsha maziwa ya mtoto. Kwa miezi ile mitatu stovu ile ilikuwa ya mtaa mzima.

Mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wa baharini, wenye uwezo wa megawati 100. Stovu ikarudi stoo. Fundi wetu naye akafariki, bila ya mwanafunzi wa kumrithi. Mimi, mtumishi wa serikali niliyeandika kumbukumbu za vikao visivyo na idadi, sikuandika hata mstari mmoja wa aliyoyajua.

Mwaka jana ngozi ilikauka tena. Nilikata mbili, zote zikavujisha hewa. Ya tatu niliikata pana kidogo kuliko bomba, kama nilivyokumbuka kumwona akifanya, nikairoweka usiku kucha. Ikashika. Mama alisikia mvumo kutoka chumbani, akauliza nani amefufua stovu ya mama yake.

Basi, ndugu zangu, mwenye stovu asiiuze kwa uzito wa shaba. Na mwenye mzee anayejua kuitengeneza, aende akamsikilize wiki hii, na achukue kalamu.